Nyimbo 10,000 za Carol Kaye, na binti anayetaka kuishi kwa gitaa la besi

"Mtaalamu, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 19, anapiga besi kwenye kwaya ya vijana kanisani tangu akiwa kidato cha pili. Amepata nafasi ya kusoma stashahada ya uuguzi na sasa hataki kwenda. Amenionyesha habari za mama mmoja Mmarekani, Carol Kaye, aliyerekodi nyimbo 10,000 kama mpiga besi wa studio, anasema na yeye atafanya hivyo hivyo. Mwalimu wake anamkataza kutumia piki (kile kijibao kidogo cha kupigia nyuzi), lakini binti anasema huyo mama alipiga kwa piki. Nota hasomi, anadai wakubwa wote walipiga kwa sikio. Nimesikia pia kwamba jina la huyo mama halikuandikwa kwenye santuri kwa kuwa ni mwanamke, na wengine wanasema baadhi ya nyimbo anazodai si yeye aliyezipiga. Siku hizi binti analalamika vidole vya mkono wa kushoto kufa ganzi usiku. Nimwache? Nimkataze? Kazi hiyo ipo kweli?"

Mama, salama. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaiweka kando nikapiga besi kidogo kabla ya kujibu, maana umeniuliza mambo sita ndani ya swali moja. Chini ya yote naona hofu moja: mtoto asije akaacha mbachao kwa msala upitao. Hofu hiyo ina mashiko. Ila binti naye hakuokota mfano wa hovyo. Carol Kaye ni mmoja wa wapiga besi waliorekodi kazi nyingi zaidi duniani, na mimi nimejifunza mengi kwake bila kumwona kwa macho. Kasoro ni kwamba binti amesimuliwa nusu ya habari, ile nusu tamu.

Nianzie mwisho wa barua yako, kwa kuwa hilo ndilo lisilosubiri. Ganzi inayokuja usiku si "kuzoea nyuzi". Nyuzi huleta malengelenge na usugu kwenye ncha za vidole. Hayo ni maumivu ya ngozi, nayo hupita. Ganzi ni habari ya neva. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba zinamopita kano za vidole pamoja na neva moja. Mtu akikaa muda mrefu amekunja kifundo huku amekaba shingo ya gitaa kwa nguvu zote, kano huvimba, njia hujaa, neva hubanwa. Usiku mtu hulala na mkono umekunjwa, ndiyo maana hali huzidi. Ganzi ikiwa kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, shaka inaelekea hapo. Ikiwa kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, shaka hupanda hadi kwenye kiwiko. Mimi ni mpiga besi, si daktari. Mpeleke hospitali ndani ya siku chache hizi, aombe pia kuonana na mtu wa fiziotherapia, na aende na gitaa lake ili aonyeshe anavyolishika. Akianza kuangusha vikombe, au ganzi ikabaki hadi mchana, usingoje hata hizo siku chache. Wakati huo huo angalia mkanda: vijana wanapenda gitaa lining'inie karibu na magoti kwa sababu linapendeza kwenye picha. Akisimama, gitaa libaki pale pale linapokuwa akiwa amekaa. Na kama nyuzi ziko juu mno ya shingo, fundi azishushe, siyo kazi kubwa.

Sasa tuje kwa huyo mama.

Carol Kaye alizaliwa mwaka 1935 huko Everett, jimbo la Washington, wazazi wote wawili wanamuziki, baba akipiga tromboni na mama piano. Mwaka 1942 familia ilihamia Wilmington, California, pembezoni mwa Los Angeles. Hawakuwa watu wa kipato. Mama yake alimnunulia gitaa la nyuzi za chuma akiwa na miaka 13, na mwaka uliofuata, 1949, binti huyo alikuwa tayari anafundisha wengine gitaa kwa malipo. Miaka ya 1950 alipiga jazi ya kasi iitwayo bibapu kwenye vilabu vya Los Angeles usiku, na mchana akipiga taipu ofisini. Hapo mwambie binti atue kidogo, asome tena: mchana alipiga taipu. Alikuwa na watoto wa kulea.

Studio ilimfuata klabuni. Mwishoni mwa mwaka 1957 prodyuza Bumps Blackwell alimsikia akipiga, akamwita kwenye rekodi ya mwimbaji Sam Cooke. Kwa gitaa, siyo kwa besi. Alipiga gitaa la kusindikiza kwenye "La Bamba" ya Ritchie Valens mwaka 1958, na miaka mitano iliyofuata akawa mpiga gitaa wa studio kama wengine. Mwaka 1963, kwenye studio za Capitol, mpiga besi hakutokea. Wakamwambia wewe shika hii. Akashika.

Watu wakisimulia hapo husema "bahati". Mimi nakataa. Bahati ilikuwa ule mlango kufunguka. Aliyepita mlangoni alikuwa na miaka 14 ya kufundisha, kupiga jazi na kusoma nota, ameshazoeleka studio. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: gitaa la besi lenyewe lilikuwa chombo kichanga. Kampuni ya Fender ilitoa besi yake ya umeme, Precision, mwaka 1951. Mwaka 1963 chombo kilikuwa na umri wa miaka 12 tu, na waliokipiga wengi walitoka kwenye besi kubwa ya kusimama au kwenye gitaa. Hakukuwa na foleni ndefu ya kumzuia. Ray Pohlman, aliyekuwa akiitwa sana kwa besi ya umeme studio za Los Angeles, naye alichukuliwa kuongoza muziki wa kipindi cha televisheni, nafasi ikapanuka. Carol akaona besi ina raha yake: badala ya kubeba magitaa matatu manne kwenye gari, unabeba moja, na kwenye nyimbo nyingi unaachiwa ubuni mwenyewe.

Kuhusu zile 10,000. Ni makadirio, hakuna aliyekaa akazihesabu moja moja. Lakini si uzushi. Los Angeles ya wakati ule ilirekodi kwa sesheni, yaani vipindi vya kurekodi, za saa 3, kufuatana na makubaliano ya chama cha wanamuziki. Ndani ya saa hizo wimbo mmoja haukutosha. Walitaka mbili, tatu, hata nne. Chukua sesheni 2 kwa siku, nyimbo 3 kila sesheni: ni 6. Siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka: ni 1,440. Kwa miaka 7 umeshapita 10,000. Na mpiga anayetafutwa alikuwa na siku za sesheni 3 au zaidi. Humo ndani kuna muziki wa filamu, wa televisheni, matangazo ya biashara, na rundo la nyimbo ambazo hakuna anayezikumbuka leo. Kuna pia kinyume chake: "Good Vibrations" ya bendi ya Beach Boys, wimbo mmoja tu, ulichukua miezi, kuanzia Februari hadi Septemba 1966, kwenye studio zaidi ya moja, na wapigaji wanaitwa, wanarudi nyumbani, wanaitwa tena.

Kwa hiyo binti akisema "nyimbo 10,000", anachosema bila kujua ni: kuamka asubuhi, kupakia amplifaya, kufika kabla ya saa, kuwekewa karatasi mbele ambayo hujawahi kuiona, kuipiga safi mara ya pili au ya tatu, kupakia, kwenda studio nyingine, na kurudia hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Ni kazi ya zamu. Inafanana na uuguzi kuliko anavyodhani!

Na hapo ndipo suala la nota linapoingia, ambalo nitalizungumza kwa ukali kidogo. Ni kweli wapo magwiji wasiosoma nota, na bendi zetu za dansi zimejaa watu wenye masikio ya ajabu. Lakini hao ni watu wa bendi. Bendi ina miezi ya mazoezi; wimbo mnaupika pamoja mpaka uive. Mpiga wa kukodiwa hana miezi, ana dakika. Fikiria Carol kakaa kwenye okestra ya Lalo Schifrin wanarekodi muziki wa kipindi cha televisheni cha "Mission: Impossible". Wimbo ule hauhesabiki nne nne kama nyimbo nyingi, unahesabiwa tano. Chumbani kuna wapigaji wengi wanaolipwa kwa saa. Mpiga besi akisema "hebu niimbieni kwanza nisikie", kesho anaitwa mwingine. Studio ilimwita kila siku kwa sababu alisoma upesi, akashika mapigo bila kuyumba, na penye kodi tupu, yaani majina tu ya mafungu ya sauti bila mstari wa besi (siyo kodi za TRA), akabuni kitu kinachoufaa wimbo.

Hilo la kubuni nalo lina pande mbili, na mwenyewe amekuwa muwazi juu yake. Kwenye kazi za Beach Boys, mistari ya besi iliandikwa na Brian Wilson, kiongozi wao, ambaye naye alikuwa mpiga besi. Carol aliipiga kama ilivyoandikwa, na sifa ya utunzi anampa Brian. Kwenye "The Beat Goes On" ya Sonny na Cher, mwaka 1967, mambo yalikuwa tofauti. Wimbo ulikaa juu ya kodi moja, hauendi popote. Akajaribu hiki na kile mpaka akapata kile kijimstari kinachotembea na kujirudia, ambacho mtu yeyote akitaja wimbo huo ndicho anachoanza kukiimba kwa mdomo. Bila mstari ule sijui wimbo ungekuwa nini. Karatasi za utunzi zinamtaja Sonny Bono peke yake, na aliyebuni besi alilipwa ujira wa sesheni yake.

Piki. Mwalimu wa binti ana haki ya kufundisha anavyojua, ila akisema piki ni ya wapiga solo tu amekosea, na Carol ni ushahidi tosha. Ngoja nieleze kwa nini piki ilimfaa, maana hapa ndipo pananoga.

Uzi mzito wa besi, ule wa E, ukiupiga wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ya chini mno. Spika ndogo haiwezi kuitoa. Redio za transista za miaka ya 1960 hazikuweza, na simu ya mkononi ya leo haiwezi. Lakini uzi hautikisiki kwa namna moja tu. Juu ya ile 41 kuna mitikisiko midogo ya 82, 123, 164 na kuendelea, yote kwa pamoja. Ukigusa kwa nyama ya kidole, ile ya juu inakuwa hafifu. Ukipiga kwa piki ngumu, inaamka yote, pamoja na kile "tak" cha mwanzo. Spika ndogo inaikosa 41 lakini inaipata mitikisiko ya juu, na sikio la binadamu lina maajabu yake: likisikia ngazi za juu zimepangika sawasawa, linajijazia lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Msikilizaji anaapa kasikia besi.

Sasa piki peke yake ina kasoro: noti inalia mno, inaingiliana na inayofuata, inakwaruza. Dawa ya Carol ilikuwa kipande cha feli (kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa) kilichokunjwa, kimekandamizwa juu ya nyuzi pale karibu na daraja la gitaa. Feli inaua mlio mrefu. Kinachobaki ni mwanzo mkali na mwili mfupi wa noti, kama mtu anayetamka kila neno bila kuburuta. Ongeza nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo, basi unapata ile sauti. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida studio za huko kuita wapiga besi wawili hata watatu kwa wimbo mmoja: mmoja na besi ya kusimama kwa uzito, mmoja na besi ya umeme, mwingine na gitaa la Danelectro la nyuzi 6 zilizoshushwa ili lilete huo mkwaruo wa juu. Mtu mmoja mwenye piki na kipande cha feli akakaribia kuwapa karibu yote hayo, kwa ujira wa mmoja. Prodyuza gani angekataa?

Nimejaribu hili kwa wanafunzi wangu. Kata sponji ya kuoshea vyombo, kipande chembamba kama kidole, ukisukumize chini ya nyuzi jirani na daraja. Rekodi kwa simu mara mbili, kidole bila sponji, kisha piki na sponji. Sikiliza kwa spika ya simu hiyo hiyo. Yule mwanafunzi wa mwisho niliyemfanyia alicheka, akaniuliza kama nimebadilisha gitaa.

Hiyo haina maana aache vidole. Vidole vinafaa rege, vinafaa dansi, vinafaa taarabu ambapo besi inatakiwa iwe nene na laini. Anayetaka kukodiwa ajue vyote viwili, na mwalimu asimnyang'anye kimoja.

Jina kutoandikwa kwenye majalada: hili limepotoshwa. Ni kweli halikuandikwa. Ila hata majina ya wanaume waliokaa naye chumba kimoja hayakuandikwa, akina Hal Blaine kwenye ngoma na Tommy Tedesco kwenye gitaa. Santuri za pop za wakati ule hazikuwa na desturi hiyo, na wauzaji walipenda mashabiki waamini kwamba vijana wa kwenye picha ndio wanaopiga kila kitu. Kule Detroit, wapigaji wa kampuni ya santuri ya Motown waliingia kila siku wakitoa nyimbo zinazoongoza, na ilibidi ufike mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye "What's Going On", ndipo majina yao yakaandikwa kwenye jalada. Kwamba Carol alikuwa karibu mwanamke pekee katika kundi lile la mdundo ni kweli. Kwamba ndiyo sababu ya kufichwa, hapana.

Kilichomlinda na kinachotuwezesha leo kujua alipiga nini ni kitu kisichovutia kabisa: fomu. Kila sesheni halali ya chama iliandikwa kwenye karatasi, nani alikuwepo, saa ngapi, chombo gani, kiasi gani. Chama chao cha Los Angeles, tawi namba 47 la Shirikisho la Wanamuziki la Marekani, kiliweka viwango, na aliyekaa zaidi ya saa 3 alilipwa nyongeza. Mwanamke na mwanamume walilipwa kiwango kile kile. Ukiniuliza nini kilimjenga Carol Kaye baada ya kipaji na nota, nitakujibu chama.

Hilo linanileta kwenye zile nyimbo za mabishano. Kwa miaka mingi Carol amedai kuwa alipiga besi kwenye baadhi ya nyimbo maarufu za Motown ambazo wengi wanamhesabia James Jamerson wa Detroit, gwiji aliyefariki mwaka 1983 akiwa na miaka 47. Motown walikuwa na ofisi Los Angeles na walirekodi huko pia, hivyo kwamba alifanya kazi zao si ajabu. Ubishi uko kwenye nyimbo mahususi. Ushahidi wa waliokuwa Detroit, na sauti yenyewe, kwa nyimbo zinazotajwa zaidi, vinaelemea kwa Jamerson, na huko ndiko nami ninakosimama. Jamerson alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, bila piki, na ukizoea kusikiliza unaona noti zinavyoteleza tofauti. Kumbukumbu ya mtu aliyepiga maelfu ya nyimbo, nyingine zikiwa hazina hata mwimbaji wakati wa kurekodi, inaweza kuchanganya mambo bila nia mbaya. Haimpunguzii kitu. Toa zote zinazobishaniwa, bado kuna albamu ya Pet Sounds ya Beach Boys, kuna mwanzo unaoshuka wa "Wichita Lineman" ya Glen Campbell, kuna Joe Cocker, kuna kazi za filamu za Quincy Jones.

Mwaka 1969 alitoa kitabu chake cha kufundisha besi, wakati ambapo vitabu vya chombo hicho vilikuwa vichache. Miaka ya 1970 alirudi kwenye jazi, akarekodi na mpiga piano Hampton Hawes mwaka 1974. Mwaka 1976 alipata ajali ya gari, akapunguza kazi sana. Kisha kufundisha, miaka na miaka. Mwaka 2025 jumba la heshima la rock and roll la Marekani lilimwingiza kwenye orodha yake, akakataa kuhudhuria, akisema tuzo hiyo haiakisi kazi ya wanamuziki wa studio. Hata lile jina la "Wrecking Crew" ambalo kundi lao limebandikwa halipendi. Anasema hawakuitwa hivyo enzi hizo. Mwenye miaka 90 na msimamo wa namna ile, mimi namvulia kofia.

Sasa kazi yenyewe. Ipo kweli? Ile ya Carol, ya kuitwa studio mbili tatu kila siku, haipo Dar wala Mwanza wala Nairobi, na hata Los Angeles imebaki kivuli. Sinthesaiza ziliingia, bendi zikaanza kujipigia zenyewe, kisha kompyuta ikamaliza. Prodyuza wetu wa Bongo Fleva anapiga besi kwa kidole kimoja kwenye kibodi saa nane usiku, haiti mtu. Nisikufiche.

Kilichobaki ni hiki: rekodi za injili zinazofanywa laivu, bendi za hoteli, harusi, taarabu ya kisasa, bendi za dansi, kufundisha, na siku hizi kurekodi nyumbani na kutuma faili kwa mtu aliye mbali. Mtu makini anaunganisha vinne vitano akaishi. Mimi nimeishi hivyo, kwa miaka ambayo mingine ilikuwa mizuri na mingine tulikula ugali na dagaa wiki nzima. Niliwahi kupiga nyimbo nane kwa studio moja kwa ahadi ya mdomo. Nililipwa nauli na chipsi mayai. Nyimbo mbili kati ya hizo bado nazisikia kwenye daladala.

Kwa hiyo binti ajifunze maandishi mapema. Kabla ya kuchomeka waya: nani analipa, kiasi gani, lini, na jina langu litaandikwa wapi. Ujumbe wa simu unatosha kuliko hewa. Asidhani pia kwamba kupiga kunampa mrabaha wa utunzi. Vitu hivyo ni viwili tofauti, Carol na Sonny Bono wametuonyesha. Huko Marekani hadi leo redio za kawaida hazimlipi mpigaji hata senti. Ni matangazo ya kidijitali, chini ya sheria ya mwaka 1995, yanayotenga asilimia 5 kwa wapigaji na waitikiaji wasiotajwa kama wasanii wakuu. Kwa Tanzania aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mwenyewe, akaulize haki za mpigaji ni zipi na za mtunzi ni zipi, asitegemee maneno ya kijiweni. Akiletewa mkataba wa kurasa nyingi, amwone mwanasheria kabla ya kusaini. Hapo mimi sifai.

Ulitaka kujua umwache au umkataze. Kumkataza hutaweza, ana miaka 19, na besi ipo mkononi. Rai yangu ni aende chuo cha uuguzi, na gitaa liende naye. Sisemi hivyo kwa kuwa muziki si kazi. Nasema kwa kuwa kwa sasa hana nota, hana mkono mzima, na hana mtandao wa watu wa kumwita, na vitu hivyo vitatu vinachukua miaka hata kwa anayeshinda nyumbani. Carol alipitia miaka ya taipu mchana na klabu usiku kabla ya mtu kumwita studio.

Upande wa pili upo, nauheshimu. Akikataa uuguzi kabisa, basi asikae tu nyumbani akiitwa "msanii". Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, na Zanzibar kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy. Huko atasoma nota na kukutana na watu watakaomwita kesho. Au muulizeni mkuu wa chuo cha uuguzi kama nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja, kisha mwekeane masharti yanayopimika: ndani ya mwaka asome chati (karatasi ya nota) mpya ya besi kwa mwendo wa wimbo bila kusimama, na awe amelipwa, kwa pesa ya kushikika, na watu walau watatu wasio wa kanisani kwenu. Yakitimia, mna mazungumzo mengine. Yasipotimia, chuo kinafungua Septemba.

Wiki hii lakini ni hospitali kwanza. Hadi aonwe, apige dakika 15, apumzike, kifundo kimenyooka, na sponji iwe nyembamba: ikizidi unene inainua nyuzi, na vidole vitarudi kukaba.